Motisha kazini na neno la mwajiri: niliyojifunza kiwandani

Vitabu vya usimamizi wa rasilimali watu hupanga nadharia za motisha kwa mfuatano unaofahamika: anatangulia Taylor na vipimo vyake vya kazi, wanafuata Mayo, Maslow, Herzberg na McGregor, kisha Vroom na Adams, na mwishoni Locke na Deci. Nilizisoma kwa mfuatano huo nikiwa Mzumbe na nikazijibia mtihani kwa mfuatano huo huo, kisha nikaajiriwa katika idara ya utumishi ya kiwanda kimoja cha bidhaa za majumbani jijini Dar es Salaam, ambako hakuna aliyejali nadharia ipi ilitangulia. Niliulizwa mambo mengine: kwa nini laini ya pili inazalisha pungufu ya laini ya kwanza ilhali mashine ni zile zile, kwa nini watu hupungua kila Jumatatu, kwa nini bonasi imeongezwa na katoni hazikuongezeka. Miaka niliyokaa pale, na baadaye katika kampuni ya usafirishaji, ilinirudisha kwenye nadharia hizo nikiwa na swali moja ambalo darasani halikupewa uzito, nalo ni kama mfanyakazi analiamini neno la yule anayemwahidi. Karibu kila nadharia hulichukulia jambo hilo kuwa limekwisha kupatikana, na kwa niliyoyaona mimi, hapo ndipo nyingi hukwama.

Maslow nampitia haraka. Makala yake ya 1943 ilieleza makundi matano ya mahitaji, kuanzia yale ya mwili na usalama hadi haja ya mtu kuufikia uwezo wake wote. Piramidi tunayoichora ubaoni haimo katika makala hiyo. Ilichorwa na wengine baadaye, na Maslow mwenyewe aliandika kwamba mpangilio wa mahitaji si mgumu kama watu wanavyoweza kudhani. Kiwandani tulikuwa na mama mmoja wa laini ya ufungashaji aliyelipwa karibu na kima cha chini na kulea wajukuu kwa mshahara huo, na ndiye aliyegombana na supavaiza mara kwa mara kuhusu katoni zilizofungwa vibaya, kwa sababu hakutaka mzigo uliopita mikononi mwake urudishwe kutoka dukani. Kwa kufuata piramidi, alipaswa kwanza kumaliza habari ya kodi ya nyumba na ada za shule ndipo aanze kufikiria heshima ya kazi yake. Yeye alikuwa na yote kwa wakati mmoja, na sijakutana na mfanyakazi ambaye hakuwa hivyo.

Herzberg ana mengi zaidi ya kufundisha na pia ya kupotosha. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, Marekani, wakiwataka wasimulie wakati walipoifurahia kazi kupita kawaida na wakati walipochukizwa nayo kupita kawaida. Kitabu chao cha 1959 kilihitimisha kwamba mambo yanayoridhisha na yale yanayochukiza ni mafungu mawili tofauti. Mshahara, usimamizi, sera za kampuni na mazingira ya kazi yakiwa mabaya huzaa manung'uniko, lakini yakirekebishwa hayamfanyi mtu ajitume. Kinachomfanya ajitume ni mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa wajibu na kupanda ngazi. Maelezo haya huwapendeza sana mameneja, kwa kuwa yanaweza kusomwa kana kwamba yanasema mshahara si hoja. Nimekaa katika vikao ambamo jina la Herzberg lilitajwa mara tu baada ya ombi la nyongeza kusomwa, na sikumbuki kulisikia likitajwa wakati mwingine wowote. Wahandisi na wahasibu wale walikuwa na mshahara wa uhakika kila mwezi. Kibarua anayesimama getini saa kumi na mbili asubuhi akisubiri kujua kama leo ataitwa ndani yuko mahali ambapo utafiti ule haukufika. Vroom naye alitoa pingamizi jingine ambalo naliona zito: mtu akisimulia mafanikio hujitaja mwenyewe, na akisimulia mabaya humtaja bosi na kampuni, kwa hiyo huenda mgawanyo wa mafungu mawili unatokana na namna binadamu wanavyosimulia kuliko namna kazi ilivyo.

Hata hivyo, Herzberg alinisaidia kuelewa tatizo la saa ya mwisho. Zamu ya pili ilimalizika saa nne usiku, na kila ilipokaribia saa tatu laini ya ufungashaji, ambayo karibu wote walikuwa wanawake, ilipoa. Katika taarifa za zamu supavaiza aliandika neno moja, uvivu. Idara yetu iliomba kukaa na wafungashaji wenyewe, na maelezo yao hayakuwa na siri yoyote. Wengi walikuwa wakiishi Mbagala, Gongo la Mboto na mbele zaidi, na daladala za kuunganisha zilianza kuadimika muda ule ule waliokuwa wakitoka. "Kaka, nikikosa gari, nusu ya nilichochuma leo naiacha kwa bodaboda," alisema mmoja wao, na mwenzake akaongeza kwamba bodaboda ni nafuu kuliko kutembea gizani. Ndiyo maana saa ya mwisho waliitumia kusafisha meza mapema, kupanga foleni ya ukaguzi kwa macho na kuhesabu dakika. Uongozi uliahidi basi. Wafanyakazi waliitikia kwa adabu na wakaendelea kupoa saa tatu kama kawaida, kwa sababu kulikuwa na ahadi nyingine kabla ya hiyo, ya kabati za kuhifadhia nguo, ambayo ilikuwa imesahauliwa na kila mtu isipokuwa wao.

Basi lilikuja Jumatatu iliyotajwa. Laini haikubadilika wiki hiyo wala iliyofuata. Ilibadilika baada ya usiku mmoja ambao basi liliharibika na meneja utawala akakodi gari jingine, akasubiri getini mpaka wote wakapanda. Kwa hesabu ya Herzberg, basi ni jambo la mazingira ya kazi tu, linaondoa karaha na halizai ari. Nakubaliana naye kuhusu basi. Kilichozaa ari ni kule kuona kwamba ahadi iliyotolewa mchana ilitekelezwa usiku ule ule ambao ingekuwa rahisi kuivunja, na baada ya hapo wafungashaji wale wale walianza kuleta malalamiko mengine ambayo hapo awali walikuwa wakiyameza.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni bonasi. Meneja wetu wa uzalishaji alikuwa mfuasi wa Taylor bila kumsoma. Taylor, katika kitabu chake cha 1911, anasimulia mfanyakazi wa Bethlehem Steel aliyempa jina la Schmidt, ambaye baada ya kuelekezwa kila hatua ya kazi na kupandishiwa malipo kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku, alitoka kwenye kupakia tani 12 na nusu za chuma kila siku na kufikia tani 47 na nusu. Ukilinganisha ongezeko la mzigo na ongezeko la malipo utaona mara moja nani alifaidika zaidi, na sidhani kama Schmidt alishindwa kuiona hesabu hiyo. Kwetu utaratibu ulikuwa rahisi: kuna lengo la katoni kwa zamu, na kila katoni inayozidi lengo ina shilingi zake kwa kundi zima. Grafu iliyobandikwa ukutani ilitakiwa kupanda. Badala yake ilinyooka kama rula, katoni chache juu ya lengo kila siku, wiki baada ya wiki, iwe mashine imeharibika asubuhi au haikuharibika.

Grafu ya namna hiyo haitokani na uvivu, kwa maana uvivu haunyooki. Kuna watu waliokuwa wakiipanga. Niliona kijana mgeni, mwepesi wa mikono, akifunga kwa kasi katika siku zake za mwanzo, na jirani zake wakimsogezea katoni kwa mwendo wa polepole mpaka akalazimika kusubiri. Hawakumgombeza. Mchana alikula nao kantini, wakazungumza naye, na kesho yake kasi yake ilikuwa ya wote. Aliyenieleza mantiki ya jambo hilo ni mzee mmoja mwendesha mashine, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na alinieleza bila kuficha kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza. "Mwanangu, leo lengo ni katoni mia nane. Tukifunga elfu moja mwezi huu, mwezi ujao lengo litakuwa elfu moja na bonasi itabaki pale pale. Hatubahatishi, tumeshaona." Nilitafuta kumbukumbu za miaka ya nyuma, na kweli lengo lilikuwa limepandishwa kila baada ya kipindi kizuri.

Ndipo niliporudi kwenye utafiti wa Hawthorne, ule unaohusishwa na Mayo, uliofanywa katika kile kiwanda cha Western Electric kilichokuwa Cicero, karibu na Chicago. Darasani tulikariri majaribio ya taa yaliyoanza 1924 na chumba cha wasichana watano walioongeza uzalishaji, na tukaambiwa somo lake ni kwamba mtu akipewa umakini hufanya kazi vizuri. Kwamba wawili kati ya wasichana hao waliondolewa katikati ya jaribio kwa sababu hawakutoa ushirikiano na walizungumza mno, wakaletwa wengine, halikutajwa. Lakini chumba kinachonihusu zaidi ni kingine, kile cha kuunganisha nyaya, ambamo wanaume 14 walichunguzwa kati ya 1931 na 1932. Nao walikuwa na malipo yanayoongezeka kadiri kundi linavyozalisha zaidi, na nao walikuwa na kiwango chao wenyewe ambacho hakuna aliyetakiwa kukivuka. Aliyekimbia mno alipigwa ngumi ya mkono begani ili akumbuke. Watafiti walilieleza jambo hilo kama hisia za kikundi zinazoshinda hesabu ya fedha. Mimi, baada ya kumsikiliza mzee yule, nilianza kuona kwamba hesabu ilikuwapo. Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na mtu aliyeona wenzake wakipunguzwa kazi alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kumaliza kazi haraka ni kujimalizia ajira.

Vroom, katika kitabu chake cha 1964, ana maelezo yanayolingana na hali hii vizuri kuliko mengine yote niliyosoma. Anasema mtu hupima mambo matatu: kama akijitahidi atafanikiwa, kama akifanikiwa atapata alichoahidiwa, na kama alichoahidiwa anakithamini. Mambo haya huzidishwa, hayajumlishwi, kwa hiyo moja likiwa sifuri jibu zima ni sifuri. Uongozi wetu ulikuwa ukishughulika na jambo la tatu peke yake, ukipandisha shilingi za kila katoni, ilhali sifuri ilikaa kwenye la pili. Baada ya majadiliano marefu, yaliyokuwa magumu kwa upande wa uongozi kuliko upande wa chama cha wafanyakazi, kulisainiwa makubaliano kwamba lengo halitabadilishwa kwa mwaka mzima isipokuwa mashine yenyewe ikibadilishwa, na nakala ikabandikwa kantini. Grafu iliendelea kunyooka kwa muda mrefu kiasi kwamba meneja uzalishaji aliniuliza, kwa kejeli, kama karatasi ile imebandikwa juu chini. Kisha ikaanza kupanda kidogo kidogo, kwanza siku za mwisho wa mwezi, baadaye siku zote. Haikuwahi kufika alikokadiria yeye. Ilifika mahali ambapo wafanyakazi waliona panawezekana bila kuumia migongo.

McGregor, ambaye kitabu chake ni cha 1960, aliwagawa mameneja kwa dhana wanazobeba kuhusu watu: wapo wanaoamini kwamba mtu hapendi kazi na lazima asukumwe, na wapo wanaoamini kwamba mtu anaweza kujiongoza akiyakubali malengo. Kiwandani dhana hizo hazikusikika katika mipango ya mwaka. Zilisikika katika maneno ya supavaiza mbele ya laini, na maneno hayo mara nyingine yalikuwa matusi. Mzee yule yule alinikumbusha kwamba kizazi chake kilikuwa na silaha ya kujibu. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho na kukitumia dhidi ya mameneja wao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber walifikia hatua ya kukishika kiwanda chenyewe. Ukizisoma habari za migomo ya miaka ile utakutana na malalamiko mengi kuhusu namna watu walivyosemeshwa, pengine kwa wingi unaolingana na yale ya mishahara. Sijaona kitabu cha motisha kinacholitaja tukio hilo, ingawa lingewafaa wanafunzi wetu kuliko mifano mingi ya ng'ambo.

Kuhusu haki ya malipo, aliyeona mbali ni Adams, mwanasaikolojia aliyefanya kazi General Electric na kuandika makala yake kuu kati ya 1963 na 1965. Hoja yake ni kwamba mfanyakazi haangalii kiasi anachopata peke yake. Anaweka anachotoa na anachopata upande mmoja, anaweka cha mwenzake upande wa pili, kisha analinganisha. Tulikuwa na madereva wawili wa foko, mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Wa kwanza alikuwapo tangu ghala lijengwe. Wa pili aliajiriwa wakati madereva wa foko wameadimika mjini, akapewa mshahara wa juu zaidi. Hati ya mshahara ya yule wa pili ilisahauliwa kwenye mashine ya fotokopi. Dereva wa kwanza hakuja ofisini, hakuandika barua, hakupandisha sauti. Alianza kufanya kazi kwa kufuata taratibu zote. Hakusogeza mzigo kabla karatasi haijasainiwa, alikunywa chai yake dakika zote alizopewa, na foko ikionyesha taa yoyote alizima na kumwita fundi. Hakuna kosa lolote ambalo mtu angemwandikia onyo. Malori yalianza kupanga foleni nje ya ghala, na ilituchukua muda kuunganisha foleni hiyo na karatasi iliyosahauliwa.

Adams aliorodhesha njia ambazo mtu huzitumia kurudisha mizani: kupunguza juhudi, kudai zaidi, kubadilisha anayejilinganisha naye, au kuondoka. Alisema pia, na majaribio yake yalionyesha, kwamba mtu akiamini amelipwa zaidi ya stahili huongeza juhudi. Hilo la mwisho sijawahi kuliona kwa macho yangu. Niliowaona wakipewa nyongeza waligundua baada ya muda mfupi sana kwamba walistahili tangu zamani. Kwetu dawa haikuwa kumshusha wa pili. Yaliandikwa madaraja ya mishahara pamoja na vigezo vyake, dereva wa kwanza akawekwa daraja linalolingana na uzoefu wake, na hati ya mshahara ikatengenezwa upya kwa Kiswahili. Hilo la hati lilionekana dogo. Hati ya zamani ilikuwa na vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata mimi ilibidi niviulizie kwa mhasibu. Mpya ilionyesha mshahara wa msingi, saa za ziada zikiwa zimehesabiwa kwa mara moja na nusu kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka, asilimia 5 ya kazi ya usiku, makato ya NSSF na kodi, kila kimoja kwenye mstari wake. Mwezi wa kwanza dirisha letu lilijaa watu, kwa kuwa sasa waliweza kuona makosa. Baadhi yalikuwa makosa kweli, na yalirekebishwa. Baada ya hapo dirisha lilipungua watu, na uvumi kwamba ofisi inakula saa za watu, uliokuwapo kabla sijaajiriwa, ulikosa chakula.

Katika kampuni ya usafirishaji nilikutana na nadharia ya malengo, na hapo nina mfano wa kitabuni ninaoupenda kuliko wote. Locke alikwisha kuandika mwaka 1968 kwamba lengo mahususi na gumu huleta utendaji bora kuliko kumwambia mtu ajitahidi. Latham na mwenzake Baldes walilijaribu kwa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, katika utafiti uliochapishwa 1975. Malori yalikuwa yakibeba takribani asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva waliwekewa lengo la asilimia 94, bila nyongeza ya malipo, wakaahidiwa kwamba hawatatozwa adhabu wakishindwa. Mwezi wa kwanza mzigo ulipanda hadi karibu asilimia 80. Mwezi wa pili ulishuka hadi karibu 70, na baadaye madereva walieleza kwamba walikuwa wakijaribu kuona kama ahadi ya kutoadhibiwa ni ya kweli. Hawakuadhibiwa. Mwezi wa tatu ulivuka asilimia 90 na ukaendelea kukaa huko. Wanafunzi hukariri asilimia 60 na 90. Mimi naona kiini cha utafiti wote kimo katika mwezi wa pili.

Madereva wetu wa Dar es Salaam hadi Tunduma waliwekewa lengo la siku za safari, na likashindwa kabisa. Lilikuwa lengo mahususi na gumu, kama kitabu kinavyosema. Lakini siku nyingi za safari zilitumika kwenye foleni ya mpakani, mahali ambapo dereva hodari na dereva mzembe husogea kwa mwendo mmoja. Lilipobadilishwa likawa la matumizi ya mafuta na la muda wa barabarani pekee, ukiondoa mpaka na mizani, madereva walianza kulijadili, kulibishia na hatimaye kulifikia. Serikalini, ambako mfumo wa wazi wa upimaji utendaji kazi ulioitwa OPRAS ulianzishwa mwaka 2004, rafiki zangu watumishi walinieleza ugumu wa aina hiyo hiyo: malengo yanajazwa Julai kwa kutegemea bajeti, bajeti inachelewa, na ikifika Juni mtu anapimwa kwa kazi ambazo fedha zake hazikuja.

Deci ndiye aliyenipa maelezo ya jambo lililonisikitisha. Mwaka 1971 alichapisha majaribio ambamo wanafunzi walipewa mafumbo ya vipande vya kupanga. Waliolipwa kwa kila umbo walilolipanga, malipo yalipoondolewa, walitumia muda mfupi zaidi kuyagusa kwa hiari yao. Kiwandani kulikuwa na fundi mitambo aliyeandika matatizo ya kila mashine katika kauntabuku yake, kwa mwandiko mdogo, pamoja na michoro ya kalamu ya risasi na maoni yake kuhusu vipuri. Hakutumwa na mtu. Mafundi wengine waliisoma, na wawili watatu wakaanza kuandika za kwao. Uongozi ulipoligundua jambo hilo uliamua kulitia motisha: fomu zikachapishwa, na kila pendekezo likawekewa malipo. Mapendekezo yalimiminika. Mtu mmoja alipendekeza ndoo ya taka isogezwe, mwingine akapendekeza irudishwe. Baada ya miezi kadhaa bajeti ilikatwa, malipo yakaondolewa, na fomu zikabaki tupu. Kauntabuku nazo hazikurudi. Fundi yule, nilipomuuliza, alijibu kwamba kuandika sasa ni kazi ya fomu, na fomu haina malipo. Deci na Ryan baadaye walieleza kwamba mtu hulindwa ari yake ya ndani akiwa na uhuru, akijiona anaimudu kazi na akiwa na uhusiano mzuri na wenzake. Fundi alikuwa na vyote vitatu kabla hatujamsaidia.

Zawadi ya Mfanyakazi Hodari, ile inayotolewa kila Mei Mosi, nimeiona ikifanya kazi na nimeiona ikigeuka kichekesho. Inapozungushwa idara kwa idara, mwaka huu ghala, mwakani uhasibu, kila mtu anajua ni zamu na wala si sifa, na anayeitwa mbele anatembea huku wenzake wakitabasamu. Mwaka ambao wafanyakazi wenyewe walipiga kura ndani ya idara zao, aliyeshinda ufungashaji alikuwa mama yule wa katoni, na makofi yalikuwa ya namna nyingine.

Kitu kilichowagusa waendesha mashine kuliko zawadi hiyo kilikuwa cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani: anapimwa kwa kazi anayoifanya, na akifaulu anapewa cheti. Idara yetu ilipendekeza kiwanda kilipie upimaji huo kwa wanaotaka. Pingamizi lilitoka kwa meneja uzalishaji, na lilikuwa pingamizi la haki: mtu akipata cheti atahamia kwa mshindani. Tulijadiliana kwa hesabu. Aliyekuwa akitishia kuondoka alikuwa akiondoka hata bila cheti, kwa sababu hakuona ngazi yoyote mbele yake, na kumfundisha mgeni mashine ile kulichukua miezi ya bidhaa zinazorudishwa. Kwa hiyo cheti kilifungwa pamoja na daraja la mshahara katika ile karatasi ya madaraja iliyokwisha kuandikwa, na ikaelezwa wazi kwamba atakayefaulu atapanda mwezi unaofuata. Wachache waliondoka baada ya kupata vyeti, kama ilivyotabiriwa. Waliobaki walipanda mwezi uleule ulioahidiwa, jambo ambalo lilizungumzwa kantini kuliko vyeti vyenyewe. Awamu iliyofuata hatukuhitaji kuwashawishi watu. Majina yalijazwa kwenye karatasi ubaoni kabla ya wiki kuisha, na meneja uzalishaji alikuja ofisini kuomba idara yake iongezewe nafasi mbili.